Baharia Aliyezikwa Malindi

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Novemba ni mwezi wa kuwaombea marehemu, na wiki hii yote mawazo yangu yamekuwa kwenye kile kikanisa cha Wareno hapa Malindi, kilichozungukwa na makaburi. Mara ngapi tumekipita tukiwa na haraka zetu bila hata kufanya ishara ya msalaba!

Ni kidogo sana. Jumuiya zetu mbili zikiingia, kimejaa. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, juu makuti. Msalaba wa ile Nguzo ya Vasco da Gama, mnara wa baharia Mreno hapa Malindi, ulichongwa kwa jiwe lililotoka Lisbon, ukaletwa na merikebu. Lakini kikanisa hiki kimejengwa kwa mawe ya pwani yetu, yaleyale yaliyojenga nyumba na misikiti ya mji. Hilo hunigusa kila nikikitazama.

Mwaka 1542 Mtakatifu Fransisko Ksaveri, mmisionari, alipita hapa akielekea Goa, India. Alipofika huko aliandika barua, na humo akasimulia mazishi. Mtu mmoja wa merikebuni alikuwa amefariki, wakamzika Malindi kwa ibada ya Kanisa. Waislamu wa mji walitazama, wakapendezwa na jinsi Wakristo wanavyowazika wafu wao. Jina la marehemu halikutajwa. Mama yake huko Ureno, kama alikuwa hai, sijui alingoja miaka mingapi.

Nikisoma habari hiyo namkumbuka baba yetu Ibrahimu katika Mwanzo 23. Sara amekufa, naye hana hata shubiri ya ardhi. Anasimama mbele ya wana wa Hethi, anakiri kwamba yeye ni mgeni, anaomba mahali pa kumzikia mkewe. Wanamjibu kwamba hakuna atakayemnyima kaburi. Malindi nayo haikumnyima baharia yule. Na sisi tunaoishi hapa tunalijua jambo hilo: jirani Mwislamu akifiwa tunawahi mapema, maana hawachelewi kuzika, nasi tukifiwa, wao ndio wa kwanza kuleta viti na kushika majembe.

Kuzika wafu ni mojawapo ya matendo ya huruma ya kimwili, na mimi naona ndilo gumu kuliko yote kulitenda kwa kujionyesha. Mwenye njaa ukimlisha atakushukuru, mfungwa ukimtembelea atakukumbuka. Maiti harudishi fadhila.

Jumamosi, tukimaliza kufagia makaburi ya watu wetu, naomba tupite pale kikanisani. Tusimame kimya kidogo kwa ajili ya yule asiye na ndugu hapa, kisha tuseme pamoja:

Raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina.