Jioni Mshtarii na Zohali Zilipoingia Kwenye Lenzi Moja

Tarehe 21 Desemba 2020 tuliitoa darubini nje mapema, jua likiwa bado juu. Kioo kikiwa na joto la ndani ya nyumba, hewa ya kwenye bomba hutetema na sayari huonekana kama inachemka. Jioni ile hapakuwa na muda wa kusubiri kipoe, maana Mshtarii na Zohali zilikuwa chini magharibi, zikilifuata jua.

Fokasi ya darubini, yaani umbali kutoka kioo hadi mahali mwanga unapokutana, ilikuwa milimita 1200. Kwa lenzi ya jicho ya milimita 10 ilikuza mara 120, na sayari zote mbili zikaonekana pamoja, kwani zilipishana sehemu moja tu ya kumi ya nyuzi. Lenzi ya milimita 5 tuliiondoa upesi: karibu na upeo wa macho mwanga hupita kwenye hewa nyingi, na kukuza zaidi ni kukuza ukungu.

Mzee mmoja akauliza, anga lote hili, zimekutanaje?

"Mzee wangu, njia zao ziko karibu kwenye bapa moja." Mzingo wa Mshtarii umeinama nyuzi 1.3 tu kutoka bapa la mzingo wa Dunia, wa Zohali 2.5, hata Zebaki, inayozidi sayari zote, ni 7. Zote hulizunguka jua kuelekea upande uleule ambao jua hujizungusha. Sayari zilizonaswa mojamoja kutoka huku na kule zisingejipanga hivyo. Zilitokana na diski moja ya gesi na vumbi, zaidi ya miaka bilioni 4.5 iliyopita.

Nikamwomba aitazame Mshtarii kwa utulivu. Si duara kamili: hujizungusha chini ya saa 10, ikatanuka kwenye ikweta na kubonyea nchani. Miezi yake mikubwa imejipanga mstari mmoja sambamba na mikanda ya mawingu, na hapo ndipo penye utamu. Io, iliyo karibu zaidi, ina gramu 3.5 kwa kila sentimita ya ujazo; Yuropa 3.0, Ganimede 1.9, Kalisto 1.8. Karibu na Mshtarii changa joto lilizuia barafu kuganda, ukabaki mwamba. Mbali, barafu ikajaa. Kwenye sayari ni vilevile: Zebaki 5.4, imejaa chuma, Zohali 0.7, nyepesi kuliko maji.

"Na Zuhura, mbona inajizungusha kinyume?" akauliza dada mmoja nyuma yake.

Swali hilo lilinifurahisha kuliko yote. Uranusi nayo imelala nyuzi 98. Mhimili, yaani mstari ambao sayari hujizungusha juu yake, unaweza kupinduliwa baadaye, kwa kugongwa na kitu kikubwa au kwa mvuto wa jua kwenye angahewa nzito. Kuupindua mzingo ni kazi kubwa zaidi. Mhimili na mzingo vikipingana kuhusu asili ya sayari, mimi huanza kuusikiliza mzingo. Hata Zohali tuliyokuwa tukiitazama imeinamisha mhimili wake karibu nyuzi 27, na bado haijatoka kwenye bapa.