Barua Zangu za Kuitetea Bukavu

Aprili 2010, Margot Wallström, aliyekuwa mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu ukatili wa kingono vitani, aliiita Kongo mji mkuu wa ubakaji duniani. Alitaka wakubwa wa dunia washtuke, na kwa hilo simlaumu. Lakini jina lile liliisemea nchi nzima, kisha likaja kuikalia Kivu, mashariki mwa nchi, na ndani ya Kivu likatua Bukavu, mji wetu, kwa kuwa hapa ndipo ilipo hospitali ya Panzi, inayotibu wanawake waliobakwa, na hapa ndipo waandishi wa habari wanapofikia. Tangu hapo, msichana wa Kadutu, sehemu ya mji wetu, akienda kusoma Nairobi au Kampala hukutana na maswali ambayo mwenzake wa Mwanza haulizwi. Wavulana wetu nao hutazamwa kana kwamba wamezaliwa na ukatili. Mimi ni mwalimu wa sekondari, watoto hao ndio wanafunzi wangu. Nikaanza kuwaandikia wahariri wa magazeti.

Barua ya wazi si jambo geni hapa kwetu. Mwaka 1996 Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliyaandikia mataifa wito baada ya wito, hadi alipouawa hapa mjini tarehe 29 Oktoba. Aliyemrithi, Emmanuel Kataliko, aliandika barua ya Noeli ya 1999 iliyowachoma waliokuwa wanatawala Kivu. Februari 2000 wakamfukuzia Butembo. Watu wa Bukavu hawakukubali. Alirudi Septemba, akafariki Roma mwezi uliofuata. Mtu aliyekulia katika mji huu anajua kwamba karatasi moja inaweza kuwanyima usingizi wenye bunduki, kwa hiyo sikuona ajabu kuiamini kalamu.

Kilichonisumbua ni kingine. Nitauteteaje mji bila kuwafunika wanawake walioumizwa kweli? Kabla ya kutuma chochote nilimwendea dada mmoja anayeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, sokoni, mmoja wa waliotibiwa Panzi, nikamsomea barua yote kwa Kiswahili, maana nilikuwa nimeiandika kwa Kifaransa. Alisikiliza hadi mwisho huku akipanga mafungu yake.

“Yaya,” akaniambia, kama tunavyowaita wakubwa wetu hapa, “ukisema Bukavu haiko vile, mimi unaniweka wapi?”

Nikamwuliza yeye angetaka iandikwe nini.

“Andika kama tuko. Andika kama tunatumika, tunasomesha watoto. Na andika ile mambo ilianza wakati gani.”

Kutumika, kwa Kiswahili cha huku, ni kufanya kazi. Kila barua niliyoandika baadaye imefuata maneno yake. Kwanza nakubali: ndiyo, wanawake wetu wamebakwa, kwa maelfu, na hata mbele ya watoto wao. Sentensi hiyo naitanguliza bila kuipunguza makali. Msomaji wa mbali akiona umeikwepa, haendelei na aya ya pili, na ana haki.

Kisha naeleza ilianza lini, na hapo ndipo ninapokaa kwa muda mrefu zaidi. Daktari Denis Mukwege, mwanzilishi wa Panzi, hakuja hapo kutibu waliobakwa. Alikuwa akizalisha akina mama huko Lemera, milimani, hadi hospitali yake iliposhambuliwa Oktoba 1996 na wagonjwa wakauawa vitandani. Panzi ya 1999 nayo ilikusudiwa wajawazito, maana wengi walikuwa wakifa kwa uzazi. Vita vya pili vilikuwa vimeshaanza mwaka 1998, na mgonjwa wake wa kwanza pale akawa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi. Mhariri yeyote anaweza kuyahakikisha hayo. Yanaonyesha kwamba ubakaji huu uliingia na majeshi na makundi ya silaha, ukatumiwa kuvunja vijiji na kuwahamisha watu kwenye ardhi yao. Haukutoka katika mila ya makabila yetu, si ya Bashi, wala ya Barega, wala ya Bafuliru. Gazeti likiandika kwamba Bukavu “ina utamaduni wa ubakaji”, kama lilivyowahi kuandika gazeti moja la ng’ambo, najibu kwa Lemera na kwa miaka.

Mwisho naandika kwamba tuko. Tarehe 17 Oktoba 2010, miezi michache tu baada ya lile jina kutolewa, Matembezi ya Wanawake Duniani yalifungwa hapa Bukavu. Wageni kutoka nchi nyingi walitembea barabarani pamoja na maelfu ya mama zetu, wengine wametoka vijijini kwa miguu. Pia kuna Kavumu, kaskazini mwa mji, ambako watoto wadogo walikuwa wakiibwa usiku na kubakwa. Familia hazikunyamaza, na Desemba 2017 mahakama ya kijeshi ilimhukumu mbunge wa jimbo pamoja na wanamgambo wake kifungo cha maisha. Naitumia Kavumu kila ninaposoma kwamba huku hakuna anayedai haki. Inauma kuiandika, lakini ndiyo jibu.

Wapo wenzangu walioniambia niandike mazuri: ziwa, sokwe wa Kahuzi-Biega, kwinini, dawa ya malaria, iliyotengenezwa hapa kwa magome ya miti ya kinkina ya mashamba yetu. Nayapenda yote. Ila mtu akikutuhumu ukamwonyesha mandhari, atajua umekosa la kusema. Hayo nayaweka kwenye barua nyingine, zisizojibu shutuma.

Kwa upande wa kazi yenyewe, nilijifunza kushika sentensi moja tu ya makala, kuinukuu kama ilivyo pamoja na tarehe ya gazeti, na kuijibu hiyo peke yake. Ukijibu makala nzima, mhariri atakata anachotaka, na mara nyingi hukata kile ulichokitegemea. Barua ikizidi ukurasa mmoja naipunguza. Naituma wiki ileile, umeme ukiwapo au usipokuwapo, maana gazeti halirudi nyuma kwa ajili ya mtu. Natia jina langu, kazi yangu na mji. Mtaa nimeacha kuutaja tangu waasi wa M23 waingie Bukavu Februari 2025, na yeyote anayeishi hapa anaelewa kwa nini.

Nyingi hazikujibiwa. Chache zilichapwa, moja bila aya ya Lemera, nami nikaandika tena kuidai aya ile. Mwandishi mmoja wa Ulaya alinijibu kwa heshima, akauliza mengi kuhusu Panzi ya mwanzoni, na makala yake iliyofuata iliitaja Bukavu kwa jina lake bila kulibandika lile jingine. Niliipeleka sokoni, nikamtafsiria yule dada. Alitaka kujua kama mzungu huyo ameandika pia kuhusu wanaouza samaki. Hakuwa ameandika. Basi barua ninayoiandaa sasa inahusu wao: mama wanaoamka alfajiri kupokea sambaza kutoka kwa wavuvi wa usiku, na jinsi wanavyochangishana fedha kwa zamu hadi binti wa mmoja wao amalize chuo. Dada ameshaniambia jina lake nilitie. Tumebishana juu ya hilo, maana naogopa kwa ajili yake, na hatujamaliza.