Mita moja ya chini: nilivyoirudishia sura nyumba niliyonunua Ipagala

Nyumba niliyonunua Ipagala, hapa Dodoma, haikuwa mbovu. Paa halivuji, msingi umesimama, hati ipo, vyumba vitatu na choo cha ndani. Shida ilikuwa sura. Dalali aliipaka chokaa nyeupe juu juu siku zile za kutafuta mteja, na mvua za Desemba zikaanza kuifua. Ilipofika Januari sehemu ya chini ya ukuta ilikuwa nyekundu kwa tope, geti limeliwa na kutu, na kati ya geti na baraza palikuwa na uwanja mtupu ambao mbuzi wa mtaani walikuwa wanalala mchana kutwa.

Baada ya kumalizana na muuzaji, nilibaki na hela isiyozidi milioni mbili na nusu. Nikaamua itaenda yote upande unaotazama barabara, na ndani nitaishi nako kulivyo. Dada yangu alinicheka kwenye simu: "Sasa wewe utalala getini?" Kila mtu na anachokitaka. Mimi nilitaka nikishuka kwenye bajaji jioni nisijisikie nimekuja kudai deni kwenye nyumba ya mtu.

Fundi niliyempata alikuwa kijana mwepesi wa mkono na mwepesi wa bei. Aliizunguka nyumba mara moja, akasema, "Mama, hapa ni ndoo mbili za rangi tu, Jumamosi tumemaliza." Nikamwambia asubiri kwanza mvua inyeshe.

Nilitaka kujua ule wekundu unatoka wapi. Mvua ilipokuja nilisimama barazani na mwavuli nikaangalia. Bati halikuwa na gata, ule mfereji wa kupokea maji ya paa. Maji yote ya paa yalikuwa yanashuka kwa mstari mmoja, yanapiga udongo mtupu, na tope linaruka kurudi ukutani. Lilikuwa linafika usawa wa kiuno changu, yaani mita moja hivi, na juu ya hapo ukuta ulikuwa safi. Dodoma kwa mwaka mzima hupata milimita 570 hivi za mvua, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na kawaida yake si manyunyu. Hukaa kimya siku kadhaa, kisha humwaga kwa hasira saa moja. Ukipaka rangi bila kuizuia ile mirusho, unailisha mvua rangi yako.

Kwa hiyo hela ya kwanza haikwenda kwenye rangi. Nilifunga gata upande wa mbele, nikaelekeza bomba kwenye simtanki la lita 1,000. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Upande wangu wa mbele una mita za mraba 60 hivi, kwa hiyo mvua moja ya milimita 20 inaleta lita 1,200, na tanki linafurika. Kwenye mji wenye mgao wa maji, hilo tanki peke yake lilitosha kunifanya nijione mjanja.

Chini ya ukingo wa bati tulichimba mtaro mfupi, upana wa sentimita 60 na kina cha kiganja, ukiinamia mbali na ukuta, tukaujaza kokoto. Hata gata likizidiwa, tone likidondoka kwenye kokoto linavunjika na kuzama, halirushi kitu. Kokoto nilinunua kwa akina mama wanaozigonga kwa mkono pembeni mwa vilima vya mawe, tukazipakia kwenye guta. Ningeweza kuagiza za mashine, lakini hizi za kugongwa zina rangi mbili tatu ndani yake, kijivu na uwaridi kidogo, na zikilowa zinapendeza. Watu wawili waliosimama getini kunisalimia waliuliza kokoto kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Ukuta wenyewe ulikuwa na mambo matatu, na kila moja lilitaka dawa yake.

La kwanza, chokaa ya dalali. Ukipitisha kiganja kinabaki cheupe. Rangi haishiki juu ya unga, inashika unga, na unga ukiachia inaondoka nao. Tukakwangua yote kwa brashi ya waya. Hii ndiyo kazi iliyochosha kuliko zote na haina cha kuonyesha mwishoni; ukimaliza, nyumba ni mbaya kuliko ulivyoanza.

La pili, magadi. Mwenye nyumba wa kwanza alikuwa na bustani iliyogusa ukuta, na aliimwagilia maji ya kisima. Visima vingi vya Dodoma vina chumvi, anayefulia maji hayo anajua sabuni inavyokataa kutoa povu. Chumvi ile ilipanda na unyevu ndani ya tofali, ikatokea nje kama unga mweupe wenye chembe za kumeta, na lipu juu yake ilikuwa inabonyea kwa kidole. Kijana alitaka kuosha kwa maji. Hapana. Maji yanaiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani ya ukuta, kesho inatoka tena. Inafagiliwa ikiwa kavu, inakusanywa, inatupwa mbali. Kisha tukabomoa lipu iliyobonyea mpaka kwenye tofali na kupiga mpya, mchanga nne kwa sementi moja.

Hapo ndipo tulipobishana.

"Mama, kesho kutwa tunapiga rangi. Jua la hapa linakausha haraka."

"Ndiyo hilo linalonitisha, fundi. Likikauka haraka linapasuka."

"Lakini limekauka, gonga usikie!"

"Kukauka na kukomaa ni vitu viwili. Mwagia maji asubuhi na jioni, wiki nzima. Rangi tutaongea mwezi ujao."

Alinuna kidogo, na mimi namwelewa, ana vibarua vingine vinamsubiri. Lakini mji huu uko juu, mita zaidi ya 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ni kavu na upepo haupumziki. Sementi inahitaji maji ili ishikane, na upepo unayaiba kabla haijashiba. Tukafunika lipu mpya kwa viroba vilivyoloweshwa, nami nikawa ninamwagia mwenyewe kabla ya kwenda kazini. Haikutoa hata ufa wa unywele.

La tatu ni nyufa za zamani. Dodoma tuko kwenye ukanda wa Bonde la Ufa, na mitikisiko midogo inapita mara kwa mara. Mtu anahisi kiti kimesogea, anaangaliana na mwenzake, maisha yanaendelea. Kuta zinakumbuka. Kabla ya kuziba nilichukua penseli nikaweka alama kwenye ncha za kila ufa na kuandika tarehe. Ufa unaotembea unataka mtaalamu wa msingi, si mtu wa rangi. Zangu hazikusogea kipindi chote cha mvua, kwa hiyo tulizipanua kwa ncha ya mwiko zikawa na umbo la V, tukapuliza vumbi litoke, tukazilowesha na kuziziba. Ukiziba ufa bila kuupanua, dawa inakaa juu yake kama kachumbari kwenye sahani.

Sasa rangi. Nitasema lililo moyoni: nyumba nyeupe Dodoma ni kujitafutia kazi. Kuanzia Juni hakuna mvua, na kuanzia Julai upepo wa mashariki unabeba vumbi la barabara zote ambazo hazina lami na kulipeleka kwenye kuta. Mwezi Septemba nyumba nyeupe zote ni za rangi ya biskuti, zimepauka bila mpangilio. Mimi nikaona afadhali nichague hiyo rangi mwenyewe. Nilichota bonge la udongo uwanjani, nikalitia kwenye kikopo, nikaenda nalo dukani. Kijana wa kuchanganya rangi alicheka, akasema wateja huleta picha za kwenye simu, yeye hajawahi kuletewa udongo. Lakini alilinganisha kwa subira, akanichanganyia kahawia iliyoiva kwa ile mita moja ya chini, na ya juu akanipa ya mchanga, nyepesi, yenye njano kidogo. Zote rangi za maji za nje. Wengi hupaka rangi ya mafuta chini kwa sababu inafutika. Kwenye ukuta mkavu kabisa sina ugomvi nayo. Kwenye ukuta uliowahi kunywa chumvi inafunga unyevu ndani, nao unatafuta njia na kuisukuma rangi itoke kwa magamba.

Jirani yangu wa ng'ambo, bibi wa Kigogo mwenye miaka mingi hapa, alikuja kuangalia tulipokuwa tunapaka ile ya chini. Nilipomwamkia shikamoo akaitika, kisha akasema, "Mwanangu, umerudi kwenye tembe." Tembe za Wagogo zilijengwa kwa miti na udongo, kuta za udongo na paa bapa la udongo, na ukiitazama kwa mbali huijui nyumba iko wapi na ardhi inaanzia wapi. Nililichukua kuwa ni sifa. Sijamuuliza kama ndivyo alivyokusudia.

Tulipaka mwezi Mei, mvua zimekata na upepo haujapata nguvu. Asubuhi tulianza na sehemu iliyo kivulini, tukawa tunalifuata jua kwa nyuma, maana rangi ikipakwa kwenye ukuta wa moto inakauka kabla rola haijarudi, inaacha michirizi. Na kabla ya kufungua ndoo tulinyunyiza uwanja wote maji, vumbi lilale.

Geti lilikuwa jambo dogo: brashi ya waya, msasa, rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya mafuta ya kijivu cheusi mara mbili. Bawaba moja ilichomelewa upya, likaacha kulia. Kibao cha namba ya nyumba, cha zile anwani za makazi, kilikuwa kimepigwa msumari mmoja na kuning'inia. Nikakifuta, nikakifunga kwa skrubu usawa wa macho, na juu yake nikaweka taa. Bodaboda wanaoleta mizigo usiku sasa hawanipigii simu kuuliza.

Ukuta wa uzio ulinifika kifuani, na ushauri niliopewa na karibu kila mtu ni niuinue, niweke na vyupa juu. Nilikataa. Ukuta mrefu humzuia mwizi asiingie kwa urahisi, ni sawa, lakini akishaingia humficha, na mtaa hauna tena jicho kwako. Halafu nimetumia hela yote kwenye uso wa nyumba, niufunike nyuma ya tofali? Nikapiga sementi juu ya ukuta ule ule, maji yasipenye, basi.

Mimea ndiyo nilifurahia zaidi, na ndiyo watu wengi waliohamia kutoka Dar es Salaam au Moshi wanapohangaika, kwa sababu wanataka ukoka wa kijani mlangoni. Ukoka hapa kuanzia Juni unataka maji kila siku, na mgao hautakuuliza bustani yako inasemaje. Mimi sikupanda nyasi hata shina. Kando ya njia ya kwenda barazani nilipanga mishubiri na mikonge midogo ya mapambo katikati ya kokoto, mimea inayokunywa mara chache na haichukizwi na upepo. Kona ya geti nikapanda bogenvilia mbili. Hizo ukizipa maji mengi zinaota majani matupu. Zikishashika mizizi, ukizinyima kidogo ndipo zinapofunguka maua. Nazimwagilia maji ya tanki la mvua, siyo ya kisima.

Mwarobaini niliupanda mbali na nyumba, karibu na uzio, maana mizizi yake haina adabu ikikaribia msingi. Tangu kampeni ya kuikijanisha Dodoma ilipozinduliwa mwaka 2017, miche yake haiadimiki vitaluni, na kwa vumbi hakuna mti ninaoupenda zaidi: unasimama upande unakotoka upepo na kulichuja. Pembeni ya shina nimefukia chupa ya plastiki yenye matundu, najaza maji yanashuka taratibu kwenye mizizi. Na mbuzi? Niliuzungushia matawi ya miiba, kama wenyeji wanavyofanya. Nyasi kavu za kufunika udongo sikuweka, ingawa kila kitabu cha bustani kinazisifia. Hapa ni kuwaita mchwa wapate karamu kisha wahamie kwenye fremu za milango. Kokoto zinafanya kazi hiyo hiyo na mchwa hawazili.

Ukiniuliza hela ilikwenda wapi: gata, tanki na kokoto zilikula karibu nusu. Lipu na kuziba nyufa zilifuata. Rangi, ambayo ndiyo kila mpita njia anaisifia, ilikuwa ya tatu, na mimea haikufika hata laki.

Sasa imepita misimu miwili ya mvua. Ile mita ya chini ina madoa machache upande wa bomba la gata, ambako kiungo kinavuja, na fundi ameahidi kuja. Kila Novemba, kabla mawingu hayajakusanyika, ninazitoa kokoto za mtaroni kwa reki, ninazichekecha kwenye wavu kutoa udongo ulioletwa na upepo, na kuzirudisha. Bila hivyo mtaro unajaa na mirusho inaanza upya. Kuta tatu zilizobaki bado zina chokaa ya dalali. Mwakani, Mungu akipenda, nitaanza na ule wa upande wa jikoni.