Kima wa Gede na siri ya tumbili

Juzi nilimpeleka mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari hapa Malindi, kutazama magofu ya Gede, na kabla hatujaufikia msikiti mkuu kima mmoja alikwisha kumpokonya ndizi. Akaniuliza kwa hasira, "Mjomba, hawa wana faida gani?" Nilimjibu kwa habari za jamaa yao tumbili, yule anayewindwa mashambani kwa kuharibu mahindi.

Tumbili wengi wa Afrika hubeba virusi vya SIV, ambavyo ni vya jamii moja na VVU, navyo huweza kujaa damuni mwao bila wao kuugua Ukimwi. Kinga yao huwaka siku za mwanzo za maambukizi, kisha hutulia, ilhali ya binadamu asiyetibiwa huendelea kuwaka mpaka ikachoka. Mwaka 2017 watafiti walichapisha usomaji wa jenomu (yaani maandishi yote ya vinasaba vya kiumbe, yaliyoandikwa kama kwa herufi) za tumbili 163 wa Afrika na wa visiwa vya Karibi (ambako wazee wao walifikishwa na merikebu za biashara ya watumwa), wakaonyesha kwamba jeni zinazohusika na mwitikio wa mwili kwa virusi zina alama za uteuzi asilia, yaani sifa zinazomsaidia kiumbe kuishi na kuzaa huenea kizazi baada ya kizazi.

Jenomu haisomwi kama msahafu, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Vinasaba hukatwa vipande vipande, mashine ikavisoma, kisha kompyuta ikatafuta panapofanana na kuviunga, kama wachimbaji wa Gede walivyounga vigae vya sahani za Kichina.

Mwaka 2023 zilitangazwa jenomu za spishi 233 za jamii ya nyani na sokwe, na faida yake kubwa, kwa maoni yangu, iko hospitalini. Mgonjwa akikutwa na badiliko la herufi moja katika jeni, daktari hutaka kujua kama ndilo linalomdhuru. Likiwa limeenea kwa sokwe au nyani wenye afya, yaelekea halina neno.

Hata hivyo, usomaji huu haujawatoa wanyama kwenye vizimba vya maabara, kwa kuwa herufi pekee hazionyeshi mwili mzima utakavyoipokea chanjo. Hilo nilimweleza haraka haraka, maana kijana alikuwa ameanza kumhurumia mwizi wake, aliyeketi ukutani akimenya ndizi.