Sasa Tuanze Muziki

Siku nane zimepita tangu sherehe ya kumuaga binti wa dada, na maneno matatu ya mshereheshaji yamekuwa yakiniamsha kabla jogoo hajawika. Baba Mdogo alikuwa ametoka Chamwino, Dodoma, tangu saa sita mchana, zeze lake, chombo cha nyuzi na kibuyu kinachopigwa kwa uta, akiwa amelifunga kwa kitenge cha marehemu Mama Mdogo, cha rangi ya samawati. Walimweka kwenye kiti cha plastiki karibu na keki. Akakiegemeza kibuyu tumboni, akapiga na kuimba kwa Kigogo kwa muda usiozidi dakika nne, huku maikrofoni ikiwa imesimama mbali naye, hata waliokaa meza za nyuma wakawa wanauona uta ukienda na kurudi bila kusikia kitu. Hapo mshereheshaji, kijana mwenye adabu zake, akasema: “Tumpigie makofi mzee wetu. Haya, sasa tuanze muziki.”

Baba Mdogo akajibu, “Sawa, mwanangu,” akaanza kulifunga zeze.

Nimeigeuza kauli ile kila upande, na nimegundua kwamba neno linaloniuma zaidi si “muziki” bali ni “sasa”. Maana “sasa” inasema kwamba kilichotangulia kilikuwa kitu kingine: desturi labda, au heshima kwa wazee, jambo la kuvumiliwa mpaka liishe. Nami nilikuwa meza ya kamati, hatua kumi tu kutoka kwake, nikihesabu kreti za soda, na sikuinuka. Wiki hii nimepokea barua ya uhamisho wa kwenda Kondoa, na mdogo wangu amejifungua salama mtoto wa kiume baada ya miaka mingi ya kungoja, lakini nikizima taa usiku ninachokisikia ni “sasa”, kisha “sawa, mwanangu”, kisha mkwaruzo wa kiti cha plastiki kikisogezwa kupisha spika.

Nilitamani kumkalisha kijana yule nimsimulie habari za mwanamuziki Hukwe Zawose. Alizaliwa Ugogo, nchi ya Wagogo huko Dodoma, mwaka 1938, akachunga ng’ombe utotoni, akafundwa muziki na baba yake kwa vyombo hivihivi: zeze, ilimba inayopigwa kwa vidole gumba, na filimbi. Watu hupenda kusema kwamba Wazungu ndio waliomgundua, na kila nikiyasikia maneno hayo huyakataa, kwa sababu aliyemwita kutoka Ugogo kwenda Dar es Salaam, katika miaka ya 1960, ni Mwalimu Nyerere, wakati nchi changa ilipokuwa ikitafuta sauti yake yenyewe. Baadaye akawa mmoja wa watu wa Bagamoyo, katika Chuo cha Sanaa ambacho leo tunakiita TaSUBa, akafundisha na kulea ukoo mzima wa wanamuziki. Ulaya ilikuja baadaye: kampuni ya muziki ya Real World, ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, ilitoa albamu yake ya Chibite mwaka 1996, kisha mwaka 2002 ikatoa Assembly, aliyoifanya na mwanamuziki Michael Brook, na katika kipindi hichohicho alisafiri na Gabriel akipanda naye majukwaa ya kumbi kubwa. Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Nilipopata habari ile nilikwenda kwa Baba Mdogo, nikamkuta amelitundika zeze lake ukutani, na hakuligusa kwa siku kadhaa.

Baba Mdogo hakuwahi kupanda ndege. Kazi yake ya miaka zaidi ya hamsini imepita katika jando, mavuno, harusi, mbio za mwenge na ugeni wa wakubwa shuleni, na malipo yake yamekuwa kuku, debe la mtama, au bahasha ambayo haifungui mbele ya watu. Nadhani ndiyo sababu iliniuma hivyo. Zawose hahitaji kutetewa nami, lakini Baba Mdogo ana nani?

Jumapili nikaenda Chamwino na sukari kilo mbili ili nimwombe radhi. “Mbukwenyi,” alinisalimu kwa Kigogo bila kuinua kichwa, akaendelea na kazi yake chini ya mti. Alikuwa na kipande cha waya wa breki ya baiskeli, anauchambua nyuzi mojamoja kwa kucha, kila uzi akiupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada kutafuta pale ulipopinda. Ukiwa na kovu, anautupa. Nikasema yote niliyokuja nayo, kuhusu ukumbi, maikrofoni, kijana yule, na mimi niliyenyamaza. Aliniacha nimalize. Kisha akasema:

“Kijana mnamsema bure. Uzi wa pili ulilegea ndani ya gari, nami nilikuwa bado nautafuta. Hata mimi nilikuwa nasubiri muziki uanze.”

Nilimtazama usoni kuona kama ananifariji, nikaona hapana, alikuwa anasema jambo la kazi. Akafunga uzi mpya, akakaza kigingi, akasikiliza, akakilegeza kidogo, akausugua uta kwenye donge la ulimbo, ndipo akapiga wimbo uleule wa ukumbini. Safari hii ulichukua karibu nusu saa. Kumbe zile dakika nne zilikuwa hodi tu. Sauti ya zeze ilipanda ikiwa na ule mkwaruzo wake mtamu unaofanana na pumzi ya mtu, naye akaijibu kwa sauti ya juu ambayo sikujua kwamba bado anayo. Watoto wa jirani walikuja wakakaa mchangani, na mmoja wao, msichana wa miaka kama tisa, akaomba kushika uta.

Zamani asingepewa. Wanawake wetu walikuwa na ngoma za muheme, na zeze lilikuwa la wanaume, ingawa siku hizi Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake, wanavipiga vyombo hivyo mbele ya dunia nzima, na albamu yao ya Maisha ilitoka mwaka 2024. Baba Mdogo hakusema habari za zamani. Alimkalisha msichana, akamwekea kibuyu tumboni, akamwambia, “Shika chini zaidi, mama. Uta si fimbo.” Mlio wa kwanza ulikuwa mbaya sana. Wa nne ulisikika kama zeze, na mtoto akageuka kunitazama akiwa mdomo wazi.

Nimerudi mjini giza limeingia, na kwa mara ya kwanza wiki hii nimelala mpaka kukakucha. Ila Mama amepiga simu mara mbili asubuhi ya leo na kukata kabla sijapokea, na kila nikimpigia hapatikani, na habari ya Kondoa bado sijamwambia.