Kukata foku ya kaboni nyumbani bila kula vumbi lake

Watu wananiuliza sana kama foku mpya ya kaboni ya baiskeli (ule uma unaoshika gurudumu la mbele) lazima uipeleke kwa fundi ikakatwe shingo, yaani lile bomba lake la juu linalopita kwenye fremu, jamani hapana, kukata ni kazi ndogo mno, shughuli iko kwenye vumbi. Nyuzi za kaboni zina unene wa maikroni 5 hadi 7 hivi, msumeno ukizivunja zinapeperuka na zikigusa ngozi zinawasha kama upupu, sasa fikiria zikiingia kifuani. Kwa hiyo nakatia nje, maski ya N95 au FFP3 (ile ya bluu ya hospitali haisaidii hapa), miwani, glavu, mikono mirefu, na chupa ya maji ya kupulizia karibu. Vumbi likilowa halirukiruki. Na usikatie karibu na kompyuta, maana kaboni inapitisha umeme, vumbi likiingia ndani linaweza kupiga shoti.

Grainda sahau kabisa, inachoma gundi inayoshika nyuzi na vumbi linajaa mtaa mzima. Kile kikatio cha mabomba cha fundi bomba nacho ndo kibaya zaidi kwa maoni yangu, kinabana bomba mpaka linapasuka kwa ndani na nje huoni kitu.

Visha shingo stemu (kile kinachoshika usukani) na speisa (pete za kujazia nafasi) zote kwanza, piga alama usawa wa juu kabisa halafu shuka milimita 3, hapo ndo pa kukata, ila kama bado hujaizoea baiskeli acha speisa moja juu ya stemu, utapunguza baadaye. Zungushia masking tepu, bana kwenye jiriwa kwa kitambaa bila kukaza kwa hasira, chukua msumeno wa chuma wenye blade mpya ya meno 32 kwa inchi na uende polepole, usiukandamize. Ukikaribia kumaliza geuza bomba ukatie upande wa pili, la sivyo nyuzi za mwisho zinachanika na kuacha ndevu.

Piga msasa laini namba 400 ukiwa umelowa, futa kwa kitambaa chenye maji (usipulize kwa mdomo!), pakikauka paka kingo superglue au hata cutex isiyo na rangi. Ile nyota ya foku za chuma (kidude kinachogongelewa ndani ya shingo ili boliti ya juu ipate pa kushika) usiigongelee humu, inakwangua kaboni kwa ndani, weka plagi ya kutanuka, inayofanya kazi hiyohiyo, kisha kaza stemu kwa Nm (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) zilizoandikwa juu yake, nyingi ni 5.