Salfa alfajiri, baiskeli jioni: nilivyojiandaa na safari ya Mtwara mpaka Masasi

Kwanza mi sio mwanamichezo. Ni mkulima wa huku Mtama, mkoani Lindi, nina mikorosho ya urithi, ufuta kidogo na muhogo wa kula, na baiskeli nimeendesha tangu mdogo kubeba maji na magunia kama mtu yeyote wa huku. Sasa mwaka jana kikundi chetu tukaamua kuchangisha hela za baiskeli za matairi matatu, zile za kuzungusha kwa mikono, kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa miguu kwenye vijiji vyetu, kuna mmoja akasema tusipite tu na bakuli, tuendeshe baiskeli kutoka Mtwara mjini mpaka Masasi kwa siku moja kupitia Mingoyo, ni karibu kilomita 200, watu watuchangie kwa kilomita. Wote tukaitikia, na mimi nimo.

Tarehe ikapangwa mwezi wa tisa, kabla korosho hazijaanza kudondoka kwa wingi, maana zikianza hapo hakuna mtu wa huku atakupa siku yake. Ila ukirudi nyuma kuhesabu, mazoezi yote yanaangukia mwezi wa sita, wa saba na wa nane, na hiyo ndo miezi ya salfa. Kwa asiyejua, mkorosho ukichanua unavamiwa na ubwiri unga, maua yanakuwa kama yamemwagiwa unga mweupe halafu yanakauka, korosho huioni, kwa hiyo lazima upulize salfa, ndo dawa yake, na urudie tena kila baada ya wiki 2 au 3. Na salfa ya unga inapulizwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo umetulia, ndo inashika. Upepo ukishaamka unampulizia jirani. Sasa kila anayejua baiskeli anakwambia fanya mazoezi alfajiri, hamna jua hamna upepo. Muda ule ule bana!

Nikaona hapa hakuna cha kubishana, alfajiri ni ya mikorosho, baiskeli itachukua kinachobaki.

Halafu kuna hili neno nililisikia kila kona, eti wewe mkulima bwana, shamba lenyewe mazoezi tosha. Hapana. Mashine ya kupulizia ukiijaza unga ukaibeba mgongoni ukatembea nayo mti kwa mti mpaka saa 2 asubuhi, inakumaliza mabega, kiuno na mapaja, lakini haikufundishi kukaa kwenye siti masaa kumi. Inakuchosha tu, basi. Kwa hiyo mi nilichofanya nikaiweka kazi ya shamba kwenye hesabu ya uchovu, sio ya mazoezi. Siku niliyopuliza, jioni ni kupumzika au kuzungusha gia nyepesi kidogo miguu ilegee. Siku za palizi ya muhogo hivyo hivyo. Siku ambayo shamba halina kazi nzito ndo nakaza, natoka baada ya alasiri narudi kabla ya magharibi, na humo ndani kuna vipande vya kukimbiza kweli mpaka pumzi inapanda halafu natulia, nakimbiza tena. Ukichanganya salfa na kukaza siku moja, kesho yake huna faida ya hiki wala kile.

Na salfa yenyewe ina mambo yake. Hata ukiosha uso inabaki kwenye nyusi na nywele, jioni ukianza kutoka jasho inashuka machoni, inawasha unaendesha huku unalia kama mwenye msiba. Nikawa nafunga kitambaa kichwani na kuvaa barakoa wakati wa kupuliza, narudi naoga kwa sabuni mpaka kichwa, nguo za salfa zinakaa nje. Kifua nacho kikikwaruza siendeshi siku hiyo, sijali ratiba inasemaje.

Safari ndefu nilizipeleka Ijumaa. Huku kwetu wengi Ijumaa hatuendi shamba, kwa hiyo natoka saa 10 au 11 alfajiri na taa mbele na nyekundu nyuma, na lazima saa 5 niwe nyumbani nioge niwahi msikitini. Hiyo swala ilinisaidia sana maana huwezi kuzembea njiani. Nilishika barabara ya Masasi, nikaanza na kwenda Nyangao na kurudi, ikaja Nanganga, ikaja Ndanda, naongeza kidogo kidogo, na baada ya kila wiki tatu za kuongeza naweka moja ya kupunguza. Sikuwahi kufika 200 kwenye mazoezi, mwisho wangu ulikuwa kama 120 hivi, na nilivyoelewa inatosha, mwili ukishazoea masaa sita kinachobaki ni chakula na kichwa. Mke wangu Ijumaa moja ananiona nashusha miguu kwenye beseni la maji akasema, "Baba Shani, nguvu zote hizo unapeleka Ndanda unazirudisha, si ungenipalilia muhogo?" Sikuwa na jibu, Jumamosi nikapalilia.

Baiskeli ni ya mtumba, ya chuma, ina gia. Fundi wetu hapa stendi alinifanyia kitu kimoja ambacho naona kilinisaidia kuliko vyote, alinishikia baiskeli nikiwa juu yake nimeegemea ukuta, akaniambia weka kisigino kwenye pedeli, pedeli iwe chini kabisa, mguu unyooke. Haukunyooka, goti lilikuwa limekunja sana. Akapandisha siti mara mbili tatu mpaka ukanyooka, akaikaza. "Sasa mjomba ukikanyaga kwa kidole goti litakunja kidogo tu, halitakuuma." Kweli maumivu ya goti niliyodhani ni ya uzee yakaisha. Kwenye makalio nako usione aibu, kaptula yenye sponji na mafuta ya mgando unapaka kabla ya kutoka, la sivyo ukifika Nanganga utakuwa unaendesha umesimama.

Upepo wa jioni ndo adui. Miezi ile ni kusi, unapiga kutoka kusini mashariki, ukienda upande wa Masasi unakukamata ubavuni kushoto, na kwenye ile barabara kuna malori ya makaa ya mawe yanashuka bandarini Mtwara na mengine yanarudi matupu, ukiwa unarudi upepo uko kulia, lori likikupita linakata upepo ghafla unavutwa kwake, likishapita upepo unarudi unakusukuma tena. Nilijifunza kushika usukani kwa ulegevu kidogo, mikono isikakamae, na kutoka nje ya lami mapema nikisikia mawili yanapishana. Ubishi na lori huna.

Chakula sikununua vya dukani vya wanamichezo. Alfajiri mihogo ya kuchemsha na chai ya sukari, mfukoni kashata za korosho, ndizi na karanga, nakula kabla sijasikia njaa. Chupa moja maji matupu, nyingine maji lita moja na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, ile ile wanayofundisha kliniki kwa mtoto anayeharisha. Napiga funda kila baada ya muda mfupi hata kama sina kiu.

Kuchangisha nako kulikuwa na mazoezi yake. Ukimwambia mtu shilingi 100 kwa kilomita anakukazia macho, ukimwambia ni elfu 20 ukifika Masasi anaelewa, na anauliza usipofika je? Wengine walitoa kwa kilo, kilo tano za ufuta, debe la mbaazi, tukauza tukaandika jina lake kwenye daftari. Mweka hazina wetu ni mama mmoja mkali, kila jioni anasoma majina na hela kwenye grupu ya simu mpaka waliokuwa wanasitasita wakaona aibu.

Siku yenyewe tulitoka Mtwara saa 10 alfajiri, Mikindani tukapita bado giza, kusi ikiwa mgongoni mpaka Mingoyo tukafika mapema kuliko tulivyopanga, tukanywa madafu. Kuanzia hapo tulijipanga mstari mmoja tunapokezana kukaa mbele kukata upepo, ila wa ubavuni haukatiki vizuri. Pagumu palikuwa baada ya Nyangao, jua la mchana na barabara inapanda taratibu huoni kama inapanda ila miguu inajua, wawili wetu wakapumzika Ndanda karibu saa nzima na tukawasubiri wote. Yale majabali ya Masasi ukiyaona usifurahi haraka, yanaonekana mapema mno. Tulifika jua halijazama.

Hela iliyopatikana imenunua baiskeli kadhaa, sio zote tulizolenga. Zilizobaki tunasubiri minada ya korosho, maana ahadi nyingi ziko huko, watu wamesema hela yao ikishaingia kutoka chama cha msingi, ule ushirika unaotuuzia korosho, watatoa, na yule mama ana majina yao yote kwenye daftari.